Mzazi Aliyekuwa Mwalimu katika Kamati ya Shule

(Mada iliyotolewa na mjumbe wa kamati ya shule ya msingi mbele ya viongozi wa walei na wenyeviti wa jumuiya, katika semina ya Haki na Amani.)



Mada niliyopewa ilikuwa "Wajibu wa mzazi katika uendeshaji wa shule". Nimeomba ruhusa niipunguze. Uendeshaji wa shule ni jambo pana mno kwa asubuhi moja, na wapo maofisa waliosomea kazi hiyo. Mimi nitasema juu ya kiti kimoja tu, kile anachokalia mzazi aliyechaguliwa kuingia katika kamati ya shule. Na hasa nitasema juu ya mzazi ambaye kabla ya hapo alikuwa mwalimu, kwa sababu katika vijiji vyetu huyo ndiye anayechaguliwa mara nyingi, na mimi ni mmoja wao. Nilifundisha shule za msingi miaka 22, tangu mwaka 1995 hadi mwaka 2017, nikaacha kazi ili nimwuguze mume wangu. Mwaka uliofuata wazazi wakanichagua. Mtoto wangu wa mwisho anasoma katika shule hiyo hiyo, darasa la sita.

Tuanze na sheria, maana wengi wetu twadhani kamati hii ni fadhila ya mwalimu mkuu, kwamba anawaita watu wachache awape soda na kuwasomea taarifa. Sivyo. Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 inataka shule ya msingi iwe na kamati na shule ya sekondari iwe na bodi. Katika kamati wamo wazazi waliochaguliwa na wazazi wenzao, wamo wawakilishi wa walimu, na serikali ya kijiji ina nafasi yake. Mwalimu mkuu ni katibu. Lishikeni neno hilo: ni katibu, wala si mwenyekiti. Anayeongoza kikao ni mzazi, na kamati ndiyo inayopitisha mpango na bajeti ya shule kabla ya fedha kutumika. Mjumbe anayepiga makofi na kwenda zake nyumbani ameshatia mkono wake katika kila shilingi iliyotumika, apende asipende.

Wapo wazee hapa ambao bado huita shule ile ya kando ya kigango "shule yetu", wakikumbuka kwamba ilijengwa na wamisionari kabla Serikali haijazitwaa shule za mashirika kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Siwalaumu kwa kumbukumbu hiyo. Walakini shule ile ni yetu leo kwa sababu nyingine: watoto wetu wamo ndani yake, pamoja na watoto wa jirani zetu Waislamu na wa wale wasiosali popote, na sote tuna kura moja moja katika mkutano wa wazazi.

Sasa, kwa nini mwalimu wa zamani huchaguliwa? Watu husema: huyu anajua kusoma makaratasi, huyu hataogopa kusema mbele ya ofisa, huyu atatusemea. Ni sababu njema, lakini nimeona inavyogeuka. Wazazi wakishampata "mwalimu wao" ndani ya kamati, wao wenyewe hunyamaza. Katika mkutano wa wazazi mama mmoja ataninong'oneza jambo zito juu ya mtoto wake, nami nikimwambia asimame alisema, hujibu, "Wewe si upo?" Hivyo sauti za watu mia tatu huingia katika koo la mtu mmoja. Na huyo mmoja, tukiwa wakweli, ana udugu na upande wa pili. Alikaa chumba cha walimu pamoja nao, alikopeshana nao mwisho wa mwezi, alisimamia mitihani nao. Mwalimu mkuu wa shule yetu nilisoma naye chuo kimoja cha ualimu. Je, siku hesabu haikukaa sawa, nitamwuliza kama mzazi au nitamstahi kama mwenzangu?

Ipo pia hatari ya upande mwingine, nayo huonekana zaidi kwa wanaume, mniwie radhi. Mwalimu wa zamani huingia katika kamati akataka kuwa mwalimu mkuu wa pili. Huingia madarasani bila kuagwa, huwasahihisha vijana waliotoka chuoni mbele ya wanafunzi, husema "zamani zetu" mpaka watu wanamkimbia. Huyo hana faida kwa mtoto. Mtaala umebadilika, na kazi ya kukagua ufundishaji ina wenyewe, wathibiti ubora wa shule.

Basi ujuzi wa mwalimu wa zamani una kazi gani? Mimi naona kazi yake ya kwanza ni kuwagawia wengine, ili wajumbe wasiowahi kushika chaki nao waweze kuuliza. Mwalimu anajua ni daftari gani linaandikwa nini, na lipi huandikwa jioni moja kabla ya mgeni kufika. Anajua daftari la mahudhurio, leja ya vifaa, stakabadhi na hati za malipo. Mambo haya si siri. Mkulima anayejua kuhesabu magunia yake ataielewa leja kwa nusu saa akifundishwa na mtu asiyemdharau. Katika kamati yetu tulitumia mchana mmoja kufanya hivyo chini ya mwembe, na mjumbe aliyeuliza swali gumu kuliko yote siku ile alikuwa bibi mmoja aliyeishia darasa la nne.

Nieleze kidogo juu ya fedha, kwa kuwa hapo ndipo maneno mengi ya mtaani huzaliwa.

Mwaka 2001 Serikali ilifuta ada ya shule za msingi, na mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ambao wengi mnaukumbuka kwa jina la MMEM. Nilikuwa darasani wakati ule. Watoto waliokuwa milioni 4.4 nchini kote mwaka 2000 walizidi milioni 7.5 ilipofika mwaka 2005. Nilifundisha darasa la kwanza lenye watoto zaidi ya mia moja, wengine wakiwa na umri wa kuwa darasa la nne. Pamoja na shida hiyo MMEM ilileta jambo ambalo halikuwapo: fedha za ruzuku na za ujenzi zilipelekwa shuleni, na kamati ikapewa mamlaka juu ya matumizi yake. Vijiji vilisomba mawe na mchanga, vikajenga madarasa, vikaona fedha zikiingia na kutoka. Hapana shaka palikuwa na wizi mahali pengine, na mara nyingi kiasi kilichofika kilikuwa pungufu ya kilichoahidiwa. Lakini watu walijifunza kuuliza.

Kisha ukaja Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, uliofuta ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Ruzuku ya mtoto wa shule ya msingi iliwekwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 zilibaki huko juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 zikawa za kupelekwa kwenye akaunti ya shule. Tuzigawe kwa miezi 12: ni shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Shule yenye watoto 640 hupata 320,000. Kwa fedha hizo inunue chaki, ichape mitihani, irekebishe madawati na kufuli za milango, inunue mipira, iendeshe ofisi. Nawaomba mzikumbuke hesabu hizi kabla ya kusema kwamba mwalimu mkuu "anakula hela za ruzuku". Kwanza ujue ni kiasi gani kimeingia, ndipo useme kimeliwa.

Lakini hesabu hiyo hiyo yatufundisha kitu kingine. Kwa kuwa fedha hufuata idadi ya watoto, idadi yenyewe imekuwa mali. Uhakiki uliofanywa mwaka 2016 ulikuta wanafunzi hewa zaidi ya 65,000 katika shule za msingi na sekondari nchini. Si kila jina la ziada liliandikwa kwa nia ya kuiba. Mimi nimetunza daftari la mahudhurio, najua mtoto akihamia kwa shangazi yake mkoa mwingine bila barua ya uhamisho jina lake hukaa mwaka mzima. Hata hivyo majina 60 ya ziada katika shule moja ni shilingi 30,000 kwa mwezi, 360,000 kwa mwaka. Na ubaya hauishii kwenye fedha. Jina la mtoto aliyeacha shule likibaki katika daftari na kutiwa alama ya kuhudhuria, hakuna atakayekwenda kumtafuta. Daftari linasema yupo. Yeye yuko machungani au anauza karanga stendi, au ameshaozwa.

Ndiyo maana kamati yetu iliomba, na mwalimu mkuu akakubali, kwamba kila mwisho wa mwezi wajumbe wawili wahesabu watoto waliomo madarasani siku hiyo na kulinganisha na daftari. Hatuwahoji walimu, twahesabu vichwa tu. Ikiwa tofauti ni kubwa, majina hupelekwa kwa wenyeviti wa vitongoji waulize nyumbani. Kazi hiyo huchukua saa moja na nusu, na haina posho.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa. Ni chakula cha mchana.

Waraka Na. 3 wa mwaka 2016 uliofafanua elimu bila malipo ulisema wazi kwamba chakula cha mtoto wa shule ya kutwa ni wajibu wa mzazi, pamoja na sare, madaftari na matibabu. Wakati huo huo mtoto hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Januari 2018 Rais wa wakati ule, Hayati John Magufuli, alikemea vikali michango iliyokuwa ikiendelea, akataka walimu wasiiguse kabisa, na anayetaka kuchangia kwa hiari apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri. Matokeo yake shule nyingi ziliogopa hata kutamka neno mchango, na masufuria yakakaa bila moto. Baadaye Serikali yenyewe ikahimiza tena chakula shuleni, ukatolewa mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi, na wazazi wakaambiwa wakubaliane wenyewe. Wakubaliane: ni neno jepesi kuandikwa.

Katika shule ninayoizungumzia mkutano wa wazazi ulipitisha mahindi, maharage na fedha kidogo ya mpishi kwa kila mtoto, kwa kila muhula. Mikono iliinuliwa kwa wingi. Muhula ulipoanza, wapo waliotoa na wapo ambao hawakutoa. Basi ikafanyika orodha, na mwalimu wa zamu akaisoma mbele ya wanafunzi wote mstarini. Saa saba mchana waliotolewa mchango walipanga mstari na bakuli zao wakapewa makande. Wengine waliambiwa wakae chini ya mti mpaka wenzao wamalize, kisha warudi darasani pamoja.

Angalieni kwamba hakuna aliyevunja waraka. Hakuna mtoto aliyefukuzwa. Daftari la mahudhurio lilikuwa kamili. Na wale waliopanga hivyo si watu wakatili. Hoja yao ilikuwa kwamba mchango ni wa hiari, na asiyechangia hana haki ya kula cha mwenzake.

Mwalimu anajua jambo ambalo hoja hiyo hailifikii. Mtoto aliyeondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi bila chai, akatembea kilomita nne, akifika saa saba hana tena masikio. Anaweza kukutazama na kuitikia "ndiyo, mwalimu", lakini somo halimo. Walimu wengi humwita mtoto wa namna hiyo mzito. Na akishaona kwamba kila siku kwa nusu saa anawekwa kando akitazama wenzake wakila, ataanza kukosa siku moja kwa wiki, kisha mbili. Hatasema sababu. Mtoto wa miaka kumi anajua aibu, na anajua pia kwamba nyumbani hakuna mahindi, na hataki kumwongezea mama yake huzuni.

Nilisimama katika kikao nikasema kwamba deni ni la mzazi kwa kamati, na haifai kulidai kupitia tumbo la mtoto. Kikao kilikuwa kirefu. Mjumbe mmoja, mzazi mwema anayechangia bila kuchelewa, aliniuliza swali ambalo hata leo naliheshimu: "Tukiwalisha wote, mwezi ujao nani ataleta debe lake?" Hilo si swali la ubahili. Mtu huyo naye ana watoto watano na shamba la eka mbili. Haki kwa mtoto wa maskini haiwezi kujengwa kwa kumdharau jirani anayebeba mzigo.

Tulipiga kura, ikapita kwa tofauti ya mtu mmoja kwamba watoto wote wale. Na yule mjumbe alikuwa amesema kweli, kwa kuwa muhula uliofuata michango ilishuka, na wiki mbili za mwisho hapakuwa na maharage. Watu walitucheka sokoni. Ndipo tulipofanya kazi ambayo tungepaswa kuianza: kwenda nyumba kwa nyumba, kitongoji kwa kitongoji. Tulikuta watu wa aina tatu. Wapo walio na uwezo ambao waliona mchezo tu. Hao tuliwapeleka kwenye serikali ya kijiji, ambayo mkutano mkuu wa kijiji ulishaipa kauli juu ya chakula cha shule. Wapo, na hao ndio wengi, ambao Februari hawana kitu lakini Julai baada ya mavuno wanacho. Mtu wa namna hiyo ukimdai Februari atakukimbia, ukimwandikia Julai atalipa, tena kwa heshima. Mihula ya shule haikupangwa kwa kuangalia mvua zetu. Kisha zipo nyumba chache kabisa zisizoweza, za bibi anayelea wajukuu wanne, za mzazi mgonjwa wa muda mrefu, za baba mlevi ambaye mtoto hakumchagua.

Kwa nyumba hizo za mwisho palikuwa na pendekezo kwamba watoe nguvu badala ya mahindi: walete kuni, wateke maji ya mpishi. Wengi waliliona ni la haki. Mimi nililipinga, na hapa najua baadhi yenu hamtakubaliana nami. Ikiwa wabeba kuni ni wale tu wasiotoa mahindi, basi kila asubuhi kijiji kizima kitaona mzigo wa kuni na kujua nani hana. Tena mara nyingi anayeubeba mzigo huo atakuwa mtoto mwenyewe. Tukakubaliana kuni ziwe za zamu kwa nyumba zote, mwenye ng'ombe na asiye na kuku. Majina ya nyumba zisizoweza yanajulikana na watu watatu wa kamati, hayasomwi popote, na sehemu yao hujazwa na shamba la shule pamoja na ziada ya wale wanaopenda kutoa zaidi. Jumuiya mbili za hapa huleta gunia kila mavuno bila kuuliza linakwenda kwa nani. Hatujamaliza tatizo. Mwaka jana mvua zilikata mapema, na kwa mwezi mzima watoto walipata uji mtupu. Lakini walikunywa wote, wakiwa mstari mmoja.

Mambo mengine mawili nitayagusa kwa haraka.

La kwanza ni viboko. Kanuni za mwaka 2002 zasema adhabu hiyo itolewe na mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, isizidi viboko vinne. Mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa pale ambapo shule haina mwalimu wa kike. Na kila adhabu iandikwe katika kitabu pamoja na sababu yake. Maoni yangu binafsi ni kwamba fimbo haijawahi kumfundisha mtoto kusoma. Lakini hata asiyekubaliana nami hana budi kukubaliana na kanuni. Nilipoomba katika kikao tuonyeshwe kitabu hicho, hakikuwapo. Wiki ile walimu wawili walioniita dada kwa miaka mingi walinipita njiani bila salamu. Mmoja alimwambia mtu, "Yule mwenzetu ametugeuka." Naelewa uchungu wake. Mwalimu aliye na watoto tisini katika chumba kimoja, anayeishi nyumba ya kupanga mbali na shule, huona kila anayeuliza kuwa adui. Kwa hiyo katika kikao kilichofuata kamati ilijadili kitabu cha adhabu, na siku hiyo hiyo ikajadili nyumba ya mwalimu ambayo paa lake lilikuwa limekaa miaka mitatu bila bati. Yote mawili yaliandikwa katika muhtasari. Kitabu kipo sasa. Bati zimefika nusu.

Nikiwa hapo kwenye muhtasari: katibu ni mwalimu mkuu, kwa hiyo anayeandika yaliyosemwa ndiye mara nyingi aliyeulizwa maswali. Sisemi ataandika uongo. Nasema usomwe kwa sauti na kusahihishwa kabla ya mwenyekiti kutia sahihi, na mjumbe asiyejua kusoma asomewe taratibu kwa Kiswahili cha kawaida. Jambo hili dogo limeokoa ugomvi mwingi kwetu.

La pili ni binti aliyepata ujauzito. Kwa miaka mingi alifukuzwa, na mwaka 2017 ilitamkwa hadharani kwamba hatarudi kamwe. Mwezi Novemba 2021 Serikali ilibadili msimamo huo, ikaruhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, pamoja na ujauzito, warudi katika shule za Serikali. Ruhusa ipo kwenye karatasi, lakini ni wazazi wangapi wameambiwa? Katika vitongoji vyetu nimekutana na mabinti wawili waliodhani bado wamefungiwa mlango. Mjumbe wa kamati aende kwa familia kama hizo, azungumze na bibi atakayebaki na mtoto mchanga, na azungumze na walimu ili binti asipokewe kwa vicheko. Wenyeviti wa jumuiya, nyumba hizo mnazijua kuliko mimi.

Kamati nyingi hujadili majengo tu. Darasa jipya huonekana, hupigwa picha, hufunguliwa na kiongozi. Kujua kusoma hakuonekani. Mwaka 2012 taifa lilishtuka kusikia kwamba maelfu ya vijana waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Vijana hao walikaa miaka saba katika madarasa yenye kamati, na hakuna kikao kilichouliza. Tangu mwaka 2010 watafiti wa Uwezo wamekuwa wakienda majumbani na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, wakimwomba mtoto asome. Mzazi yeyote aweza kufanya hivyo jioni ya leo bila mtafiti. Mpe mwanao wa darasa la tatu ukurasa mmoja wa hadithi asome kwa sauti. Akikwama, usimpige, na usikimbilie kumtukana mwalimu. Njoo na habari hiyo katika mkutano wa wazazi. Wakija wazazi ishirini na habari hiyo hiyo, kamati itakuwa na ajenda iliyo kubwa kuliko rangi ya ukuta.

Mkutano wetu wa wazazi utafanyika mara shule zitakapofunguliwa, na nafasi mbili katika kamati ziko wazi. Nawaomba mwapendekeze watu ambao hawajawahi kuwa walimu. Mimi naweza kukaa nao nikawaonyesha leja. Yule bibi wa darasa la nne amesema atagombea tena.

Nakaribisha maswali, hasa juu ya kuni na orodha ya chakula. Nawaona walimu watatu pale nyuma, na najua wawili kati yao wana jambo la kunijibu.